Rekodi ya Ishirini

Afadhali niseme mapema kabla hamjaanza kunipenda: niliwafundisha watoto arobaini na wawili wa Kichina, ambao sijawahi kuwaona, kumtukana mwalimu wao mkuu kwa Kiingereza. Nilifanya hivyo nikiwa ndani ya kabati la makoti chini ya ngazi, nyumbani kwetu Erdington, mtaa wa Birmingham, nimevaa soksi moja.

Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Kenya alifundisha Kiingereza miaka kumi na minne. Tulipohamia Birmingham vyeti vyake vikawa karatasi za kufungia maandazi, akaishia kubeba maboksi kwenye ghala moja Aston. Halafu akaona tangazo la kazi Uchina. Walitaka mwalimu mwenye pasipoti ya Uingereza, na hiyo alikuwa nayo. Akaenda. Mama akabaki na mimi, mgawanyo ambao alisema haukuwa wa haki hata kidogo.

Jumamosi mchana, kwake ikiwa jioni, baba alitupigia kwa video. Alitusimulia jinsi watoto wa kule wanavyolala juu ya madawati baada ya chakula, darasa zima kimya, na yeye akajifunza kulala vilevile, shavu juu ya madaftari. Jinsi kila mtu anavyotembea na chupa ya maji ya moto, hata siku ya joto la kuyeyusha kandambili. Wazazi wote walikuwa kwenye grupu moja kwenye simu, naye alikuwa humo, wakimwandikia tangu alfajiri.

Kwenye grupu hilo mzazi mmoja aliuliza, kwa adabu sana, mbona mwalimu kutoka Uingereza haongei kama watu wa Uingereza. Wa pili akauliza. Mwisho mwalimu mkuu naye akauliza, na mkataba wa baba ulikuwa unaisha mwezi wa saba.

Ndipo baba akaniomba sauti yangu. Mimi nimekulia hapa. Nikifungua mdomo, Birmingham nzima inatokea puani. Lafudhi ambayo Waingereza wenyewe wanaicheka ikawa cheti cha baba. Kila wiki alinitumia maneno machache, nami nikayasoma ndani ya kabati, maana makoti yanameza kelele za basi. Yeye akawatumia wazazi: huyu ni mwanangu, sikilizeni. Watoto walisikiliza nyumbani, halafu darasani wakayasema kwa pamoja, kwa sauti kubwa, mpaka yakakaa kichwani. Kilichomo kwenye rekodi walikimeza kizima. Hilo nililijua. Baba mwenyewe alikuwa ameniambia.

Rekodi kumi na tisa nilizisoma kama malaika. Ya ishirini ilihusu shule yao: shule ni nzuri, mwalimu wetu ni mrefu na mpole, mwalimu mkuu anatupenda. Niliposoma mara ya kwanza nikapiga miayo. Mara ya pili nikasoma hivi: mwalimu wetu anakoroma kama trekta, kichwa cha mwalimu mkuu kinang'aa kama yai la kuchemsha, na umeme ukikatika tutasomea mwanga wake. Mwalimu mkuu nilikuwa nimemwona kwenye picha. Mungu anisamehe, lilikuwa yai kweli.

Nikamtumia baba hiyo ya pili, nikidhani ataisikiliza, atacheka, ataniambia nirudie. Kumbe wiki ile alikuwa na homa. Aliituma akiwa kitandani bila kuisikiliza. Kumi na tisa zilizotangulia zilikuwa safi, kwa nini asiniamini? Mwalimu msaidizi, dada mmoja wa pale mwenye bidii nyingi, akawafundisha watoto wiki nzima. Yai lilimshangaza kidogo, baba alituambia baadaye, lakini akaamua labda ndivyo Waingereza wanavyosifiana. Akaongeza na vitendo: penye yai, mikono miwili inapapasa utosi.

Siku ya nne nilijua baba hajaisikiliza, kwa sababu hakuwa amenigombeza. Ningemwandikia neno moja tu. Nikasema kesho, nikaenda kucheza mpira. Trekta na yai nimeshayatania mara nyingi, lakini ile kesho siwezi kuitania.

Siku ya wazazi kuja shuleni kuwasikiliza watoto ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya baba kurudi kazini. Jumamosi iliyofuata alipopiga, simu yake ilikuwa inatazama dari. Alimweleza mama pole pole, kana kwamba anasoma taarifa: watoto walisimama wima, wakasema vizuri kuliko siku zote, pamoja na mikono. Wazazi wengine walicheka huku wakirekodi. Mwalimu mkuu alijishika kichwa, akauliza ni nani aliyeandika maneno hayo.

"Mimi," baba alimjibu.

Mkataba haukuongezwa. Niliingia kabatini nikarekodi ya ishirini na moja, yangu mwenyewe, nikimwambia mwalimu mkuu ukweli wote. Nilirudia mara tisa, maana kila mara kichekesho kilijipenyeza. Nikamtumia baba, akanijibu kwamba ni nzuri, na kwamba hataituma. "Mwalimu hajifichi nyuma ya mtoto," aliandika.

Alirudi mwezi wa saba na sanduku moja na ile chupa yake ya maji ya moto. Wiki iliyofuata akarudi kwenye maboksi Aston. Hakunigusia lile jambo hata siku moja, na afadhali angenipiga makofi. Nilijaribu kumwomba msamaha uso kwa uso, kikatoka kichekesho. Nikajaribu tena, kikatoka kingine. Jioni moja nilimkuta amelala kwenye meza ya jikoni, shavu juu ya mkono, kama wanafunzi wake. Nikasimama mlangoni, nikageuka kuondoka. Mama alikuwa anamenya viazi. Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akanizibia njia.

"Mwamshe umwambie vizuri, bila mzaha," alisema. "Halafu mwambie kwamba na mimi siku ile ya rekodi nilikuwa kwenye ngazi na kapu la nguo. Nilikusikia kuanzia trekta mpaka yai. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na sikukwambia ufute."