Mapafu ya Chupa

Ukipita leo nyuma ya maabara ya sekondari ile, husikii kitu. Zamani ungesikia maputo yakipasuka, meza zikiburutwa, na mtoto akipiga kelele, "Mwalimu, yamepumua!" Sasa madirisha yamefungwa, na vumbi limetulia kwenye meza kama mgeni asiye na mpango wa kuondoka.

Kelele zile zilikuwa za mwalimu wa biolojia ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Puto. Maabara aliyokabidhiwa ilikuwa na sinki lisilotoa maji na hadubini isiyo na lenzi, basi vifaa akavitengeneza mwenyewe. Alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mapafu. Alikata chupa ya plastiki kitako, akapenyeza kwenye kifuniko mrija wenye matawi mawili, akafunga puto kila tawi, kisha akabana kipande cha mpira pale palipokuwa na kitako. Ukivuta mpira, maputo yanajaa. Ukiachia, yananywea.

Nyumbani chupa zilijaa hadi mvunguni.

"Baba watoto, hii nyumba ya watu au ya makopo?" mkewe alimuuliza.

"Vumilia, mama. Hayo ni mapafu."

"Basi yakapumue nje!"

Kidato cha nne cha mwaka ule alikilea tangu kidato cha kwanza, na alitaka jambo moja tu: kukifikisha mwisho yeye mwenyewe. Mkuu wa shule akamwita ofisini.

"Mwalimu, hao watoto wanacheka mno. Wanaandika saa ngapi?"

"Wanaelewa, mkuu."

"Sawa. Mtihani wa majaribio ukiwa mbaya, darasa nampa mwenzako wa kemia."

Akakubali bila kusita. Aliwaamini.

Karatasi zilisahihishwa shule nyingine, zikarudi. Mwalimu wa kemia ndiye aliyezifungua, na muda si muda alikuwa anafuta machozi kwa kicheko.

"Puto, kaka, njoo uone wanao!"

Swali lilisema: chora mfumo wa upumuaji wa binadamu. Karibu darasa zima lilikuwa limechora chupa. Tena kwa usafi wa ajabu, mistari imepigwa kwa rula, kifuniko kimeonyeshwa kwa mshale. Mmoja alikuwa ameandika pembeni "gundi". Mwingine hakusahau hata nembo ya soda. Ofisi nzima ya walimu ikaangua kicheko, na yeye akacheka pamoja nao. Aliendelea kufunua karatasi. Kicheko kikamwishia katikati.

Akaenda darasani, akamwinua msichana wa dawati la mbele, hodari kuliko wenzake.

"Mapafu yako wapi?"

Msichana akanyoosha kidole mezani. "Yale pale, mwalimu."

"Na ya kwako wewe?"

Akajitazama, akatazama chupa, akajitazama tena. Alikuwa anatafuta jibu kwa bidii, na hilo ndilo lililomvunja mwalimu nguvu. Kwa miaka minne hakuwahi kumwambia mtu yeyote aweke mkono kifuani, avute pumzi, asikilize. Chupa ilikuwa inapendeza mno.

Aliporudi kwa mkuu wa shule hakujitetea. Darasa likaenda kwa mwalimu wa kemia, ambaye alisoma noti na wao wakaandika, kila kipindi, vichwa vimeinama. Mwisho wa mwaka walifaulu kuliko kidato cha nne chochote kabla yao. Walichora mapafu ya kitabuni, wakazitaja sehemu zake zote. Wazazi walikuja kushukuru, wakamshika mkono yule wa kemia.

"Utapewa darasa jingine," mke wa Mwalimu Puto alimwambia mumewe jioni moja, kwa upole ambao hakuuzoea.

"Nikawafundishe nini?"

Mkewe akasogeza chupa kwa mguu, akaketi kando yake.

Muhula uliofuata aliomba mwenyewe apumzishwe kufundisha. Sasa ni mtunza stoo wa shule ile ile. Anagawa chaki, mifagio na madaftari, na mlango anaufunga saa tisa.