Mchezo wa Bata na Tari la Kuitikia

Sijapata kumchukia ndege kama nilivyomchukia yule bata. Aliishi ndani ya mchezo wa kielektroniki wa kubonyeza kitufe kwa kufuata mapigo ya wimbo, kidude cha kushika mkononi kisichozidi kisahani cha sabuni, na kazi yake ilikuwa kunihukumu. Ukimaliza wimbo vizuri, hutokea amevaa taji. Ukimaliza hivi hivi, huketi tu akakutazama. Ukiharibu, hulia, machozi yakaruka kulia na kushoto, na chini yake maneno ya Kifaransa yakakwambia ujaribu tena. Nilikuwa nimepita miaka arubaini na mitano, nimepiga tari tangu usichana, na bata akanililia mara tatu mfululizo mbele ya kundi zima la wanawake waliokuwa wakiniita mwalimu.

Kidude kile kililetwa na binti wa dadangu. Alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja huko Ambatoloaka, kisiwani Nosy Be, hapa Madagaska, na mgeni mmoja alikisahau chini ya mto. Miezi mitatu ilipopita bila mgeni kukidai, mwenye hoteli akamwambia akichukue. Basi alipokuja kwetu Mahajanga kununua vitambaa vya arusi yake, akawa nacho mkobani, na siku ya mazoezi yetu ya kasida, tulipokuwa tumekaa barazani kwangu, mtaa wa Tsaramandroso, tukinywa chai, akakitoa ili atufurahishe. Mtoto hakuwa na nia mbaya. Nimeshalisema hilo, sasa nina haki ya kukasirika.

Baada yangu alipewa mshonaji. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, cherehani yake nyumba ya tatu kutoka kwangu, na tari nilimfundisha mimi, kwa mikono yangu hii. Mara ya kwanza bata aliketi. Mara ya pili akatokea na taji.

"Mama," akaniambia huku anacheka, "mkono umechoka."

"Kidude chenyewe kibovu," nikamjibu.

"Asiyejua kucheza husema uwanja mbovu."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, kwa sababu ndivyo mtu afanyavyo, lakini kikombe changu nilikiweka chini. Nilijua kwamba maneno yale hayakuanza siku ile. Kwa miezi kadhaa walikuwa wakinong'ona kwamba siku hizi nachelewa. Na ni kweli vidole vyangu asubuhi vilikuwa vigumu, ikabidi nivikande kwa maji ya moto kabla sijafunga hata kilemba.

Kundi letu lilikuwa na matari saba. Sita hushika mwendo, yote pamoja. La saba ndilo tari la kuitikia: humjibu kiongozi wa wimbo. Kiongozi anapiga lake mwenyewe, nje ya hayo saba, na kuimba, na wewe unangoja mpaka pigo lake litue, kisha unaingia mahali alipopaacha wazi. Mapema kidogo umemkanyaga. Kuchelewa kidogo umemwacha peke yake. Tari hilo alilishika mama yangu. Mwishoni mwa miaka ya sabini majirani zetu wengi wenye asili ya Ngazija, visiwa vya Komoro, walipoondoka Mahajanga wakikimbia mauaji, na nyumba zikabaki na kufuli, kundi la mama lilibaki na wanawake wanne. Ndipo nikavutwa mimi, msichana niliyekuwa bado naogopa kutazamwa, nikawekwa kando yake. Kila nilipopiga juu ya pigo la kiongozi, mama alinichapa kofi la mkono na kusema, "Usimkanyage mwenzio." Sikumbuki aliwahi kunifundisha kwa maneno mengine. Alipofariki, tari likawa langu, na hakuna aliyeuliza.

Sasa waliuliza. Arusi ya binti wa dadangu ilikuwa imebakiza miezi mitatu, kule Nosy Be, na dadangu mkubwa, mama wa bibi arusi, ndiye angeongoza wimbo kama alivyoongoza kila arusi ya ukoo. Mkubwa wa kundi letu, mwanamke asiyependa ugomvi, aliniambia kwa upole kwamba wiki moja kabla ya safari tutaangalia nani atashika tari la kuitikia. Tutaangalia! Kwenye arusi ya mtoto wa dadangu! Nikamwambia sawa, tuangalie. Kisha nikamwomba binti aniachie kidude chake hadi arusi.

Nitasema haki kuhusu mchezo ule, maana nimeucheza kuliko ilivyompasa mtu mwenye akili timamu. Nyimbo zake zilikuwa nzuri. Kulikuwa na fundi viatu aliyegongea misumari, mwanamke aliyepiga zulia kutoa mavumbi, na safu ya bata wadogo waliovuka barabara kwa mwendo mmoja. Huhitaji kujua kusoma, kitufe ni kimoja tu, na ukipatia, kidude kinatoa mlio mtamu unaokufanya utake tena. Aliyeutunga alikuwa na sikio. Hapo ndipo sifa zinapokoma. Kitufe kilikuwa kigumu upande mmoja, nadhani kwa chumvi ya Ambatoloaka, ukikibonyeza kinakwama, na mwisho bata anakulilia kwa kosa usilolifanya. Spika ilikuwa na sauti ya nzi kwenye kopo. Betri ilidumu muda wa kupika wali, na umeme wetu wa Tsaramandroso ulikatika ukijisikia, hasa nilipokuwa nimebakiza msumari mmoja. Tena huwezi kurudia mahali ulipokosea. Lazima uanze mwanzo, usikilize tena ule utangulizi wa fundi viatu anapojinyoosha mgongo, uutazame kila mara, hutaki lakini utazame. Mara moja nilikitupa kitandani kwa hasira, kikadunda na kugonga ukuta. Nikakimbilia kukiokota kama mtoto aliyeanguka.

Wiki mbili bata alilia. Nilibadili mkono, nikabadili kiti, nikachomeka vile visikilizio vya masikioni, nikamlaumu jirani na redio yake. Nilianza kuamini kwamba mshonaji amesema kweli. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa nakaa na kidude mapajani nikivitazama vidole vyangu, na nikamlilia mama yangu, mimi mtu mzima, kwa ajili ya fundi viatu wa kuchorwa.

Siku moja nilimtazama fundi yule bila kubonyeza kitu. Akainua nyundo, akashusha, ngoma ikalia. Akainua, akashusha. Ndipo nikaelewa, na nikapiga kelele peke yangu jikoni. Mimi nilikuwa namjibu! Yeye anapiga, nami nangoja pigo litue, kisha naingia mahali alipopaacha wazi, kwa adabu zote, kama nilivyochapwa makofi hadi nikajua. Na mchezo haukutaka jibu. Ulitaka nipige juu ya pigo lake, wakati uleule nyundo inapogusa msumari. Kumbe siku zote bata alikuwa akilia kwa sababu sikumkanyaga fundi.

Ningeacha hapo. Mtu mwenye busara angecheka, angekifunga kidude ndani ya kanga na kwenda kupika. Lakini nilikuwa nimechekwa barazani kwangu, na nilitaka taji. Nilimtaka bata yule avae taji mbele ya mshonaji.

Basi nikaanza kumkanyaga fundi. Mwanzoni mkono ulikataa. Ulisita kila mara kana kwamba kuna mtu nyuma yangu ameinua kofi. Nikaulazimisha. Nilifanya asubuhi baada ya kuvikanda vidole, nikafanya wali ukichemka, nikafanya baada ya sala ya alasiri badala ya kwenda kumwona mgonjwa niliyeahidi kumwona. Wiki ya nne bata aliketi. Wiki ya sita akavaa taji kwa fundi viatu, halafu kwa mwanamke wa zulia, na mwisho kwa wale bata wadogo, ambao walikuwa wagumu kuliko wote. Nilicheza wimbo mzima bila kosa hata moja. Vidole vilikuwa vyepesi kama vya msichana. Nilifurahi, sitaficha, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi.

Siku ya kuangalia ilipofika, nilikipeleka kidude barazani kabla ya yote, nikacheza mbele yao, taji juu ya taji. Mshonaji alitoa macho. Akasema, "Hongera, mama, nimekoma," na akasema kwa moyo, hakuwa mtu wa kinyongo. Mkubwa wa kundi akashukuru kwamba mambo yamekwisha bila ugomvi. Hata matari hatukuyashika siku ile. Tuliridhika wote, tukagawana maandazi, tukazungumzia sare za arusi. Kundi zima la wanawake wanaojua tari, na hakuna hata mmoja aliyesema: tusikie basi.

Arusi ilikuwa alasiri, uani kwa dadangu huko Nosy Be, wanawake peke yao, maturubai yamefungwa juu. Sisi saba tulikaa safu moja, sare za kijani, na dadangu mbele yetu ameelekea kwangu, kwa kuwa kiongozi na mwitikiaji hutazamana. Mcheza kwao hutunzwa, na kweli walikuwa wameshaanza kutubandika noti kwenye vilemba kabla hatujaanza. Binti, bibi arusi, aliketi kwenye kiti chake akinitabasamia. Dadangu akainua tari, akapiga, akaimba.

Nikapiga juu yake.

Halikuwa pigo baya. Lilikuwa sahihi kabisa, wakati uleule, halikupita unywele. Na mahali alipopaacha wazi pakabaki wazi. Wimbo ukachechemea. Yale matari sita yakaendelea chini, lakini palikuwa na shimo katikati kila baada ya pigo, na kila mtu anayeujua wimbo ule alilisikia. Nilijiambia ngoja, ngoja, litue kwanza. Pigo la dadangu likaja na mkono wangu ukawa umeshashuka.

Kwetu mwitikiaji akikosea, kiongozi hasimami wala hakemei. Huurudia ubeti, ili mwenzake apate mlango wa kuingia. Wageni hudhani ni utamu wa wimbo. Dadangu akaurudia ubeti wa kwanza. Akaurudia tena, safari hii polepole, akiniinamia, macho yake ndani ya macho yangu, akilipiga pigo lake waziwazi na kuinua mkono juu baada ya kila moja, kunionyesha mahali. Nilipaona. Tangu usichana nilikuwa napajua mahali pale kuliko ninavyoijua nyumba yangu. Mkono haukunisikia. Alipourudia mara ya nne, niliona jasho kwenye paji lake la uso, na nikaona amenionea huruma, dadangu, mbele za watu, siku ya arusi ya mwanawe.

Hasira niliyokuwa nayo sijui nilimkasirikia nani. Kidude kilikuwa mkobani kwa bibi arusi, nilishamrudishia asubuhi. Mama alikuwa kaburini. Mshonaji alikuwa kushoto kwangu, akipiga lile la mwendo bila kunitazama, ameinamisha kichwa kwa makusudi ili asinione. Alikuwa akiniheshimu, na heshima yake ilinichoma kuliko kicheko chake cha barazani.

Dadangu akaanza ubeti wa kwanza mara ya tano. Nikaligeuza tari langu, nikamwekea mshonaji mapajani. Akashtuka. Akalitazama, akanitazama, akataka kulirudisha. Nikachukua lile lake kutoka mkononi mwake, nikaliweka chini kwenye mkeka, nikamwambia, "Piga."

Akalishika. Dadangu akapiga pigo lake, na mshonaji akangoja. Alingoja muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, mpaka pigo likatua chini kabisa, kisha akaingia. Alipaingia pale penyewe, kwa kidole cha pili na cha tatu, kama nilivyomfundisha. Akaingia tena, na tena. Vigelegele vikapanda. Dadangu akaacha kunitazama, akamgeukia yeye, na akaenda ubeti wa pili.