Mama wa Kijana Hajafika

Vita vilipoikaba Kindu, askari walimkamata Germaine wa mtaa wa Alunguli akiwa shambani, wakamweka kambini awapikie. Aliporudi alikuwa na mimba. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana! Anayetukanwa hujibu. Wanawake wa mtaa walimnyamazia tu, na kinara wao alikuwa Odette, jirani wa mlango kwa mlango, rafiki yake tangu usichana.

Kwa kawaida mtoto akizaliwa, majirani huja na sabuni na makaa, humkanda mzazi kwa maji ya moto, hubishania nani ambebe mtoto kwanza. Alipozaliwa Divine, hakuja mtu. Germaine alijikanda mwenyewe, kisha akatoka na beseni lake la nguo, akapita mbele ya Odette aliyekuwa akichambua mchele barazani.

"Jambo, dada."

Odette aliendelea kuchambua mchele. Ikawa hivyo miaka nenda miaka rudi, hata Germaine akafika mahali pa kujishika mkono ili ahakikishe kwamba yupo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Lakini Mungu naye ana mizaha yake. Elie, mwana wa Odette, katika wasichana wote wa Kindu, alimpenda nani? Divine, yule yule waliyemwita mtoto wa askari.

Siku ya posa, ujumbe wa akina Elie ulifika na mbuzi na vitenge. Germaine aliwapokea kwa vicheko, akawapa mkono mmoja mmoja. Mkono wa Odette ulibaki hewani. Vinywaji vikagawiwa, Odette akarukwa. Kalume, kaka yake Germaine na msemaji wa upande wa msichana, akataka kufungua mazungumzo.

"Ngoja kwanza, kaka," Germaine alisema. "Mama ya kijana hayafika bado. Bila mama, hatuwezi kuongea mali ya ndoa."

Watu wakatazamana.

"Niko hapa, Germaine," alisema Odette.

Germaine aliangalia mlangoni, kana kwamba anasubiri pikipiki imlete mgeni. Lo, utamu ule! Mkuki kwa nguruwe, bwana. Wazee walikohoa. Divine, machozi yakimlenga, alimwinamia mama yake.

"Mama, utaniharibia ndoa."

Germaine alisikia, na moyo ulimuuma. Alimpenda binti yake kuliko kitu chochote duniani, na bado hakusogea.

Mzee aliyeongoza ujumbe wa kijana akavaa kofia yake, akainuka waondoke. Hapo Odette alipiga magoti sakafuni.

"Nilikuona," alisema kwa sauti ndogo. "Miaka yote ile nilikuwa nakuona, wewe na mutoto. Niliogopa watasema niko pamoja na wewe."

Germaine akageuka, akamtazama machoni.

"Sema tena," alimwambia. "Kwa nguvu. Watu wa kule barabarani hawayasikia."