Msuli wa Nyuma ya Bega

Kwenye jumba la makumbusho walimwita Bi Mkasi. Kwa miaka ishirini na sita alichuna ndege waliokufa, akawajaza pamba na kuwafunga lebo mguuni. Ilikuwa kazi ya harufu. Hata wifi zake walisogeza viti kidogo akikaa nao mezani.

Kuna ndege wadogo ambao dume, akimtaka jike, hugonganisha mbawa juu ya mgongo mpaka zikalia kama vijiti. Bi Mkasi ndiye aliyeona, kisu mkononi, kwamba misuli ya kifua ya dume na jike inalingana, maana wote wanaruka. Lakini ule mdogo wa nyuma ya bega, kwa dume ulikuwa umenenepa karibu mara mbili. Akaanza kuupima, ndege mmoja baada ya mwingine, akiandika kwenye daftari la shule. Alipofikisha ndege mia mbili, akampelekea bosi wake, daktari wa elimu ya viumbe.

"Nadhani majike ndio waliounenepesha msuli huu," alimwambia. "Kizazi baada ya kizazi wanachagua mpigaji hodari. Asiyejua kupiga haachi watoto."

"Hebu niachie daftari," daktari akasema.

Hakuliona tena. Mwaka wa tatu, binti yake alimsomea makala ya daktari kutoka jarida la wasomi. Vipimo vilikuwa vyake, hata lile kosa lake kwenye ndege wa arobaini na moja. Mwishoni kabisa, shukrani kwa "wahudumu wa stoo."

Alimfuata ofisini. "Daktari, mimi ni mhudumu?"

"Mama, usijipandishe presha. Wewe ulipima tu. Kufikiri ni kazi nyingine."

Akastaafu mwaka uleule. Miezi minane baadaye daktari akabisha hodi kwake, jasho likimtoka. Lebo zilikuwa zimechanganywa, na watafiti wageni wanakuja Jumatatu.

"Mwache ahangaike!" binti akasema.

Bi Mkasi akavaa viatu. Alipanga ndege kutwa nzima, bila kumjibu daktari hata salamu. Alipomaliza akanawa mikono, akampita mlangoni.

"Kwa nini, mama?" binti akamuuliza nyumbani.

"Ndege hawakunikosea kitu," akasema, kisha akalia kwa hasira mpaka sauti ikamkauka.