Mazoezi ya Ijumaa

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi, niliyeanza na baiskeli ya kubeba kakao Ipyana na leo nina malori matatu. Kwenye runinga yangu pale Mbugani, mashabiki wa mbio za magari walinisikiliza mimi tu, mpaka alipohamia afisa forodha mmoja wa Kasumulu. Ijumaa, siku ya mazoezi, nikatangaza: "Aliyeongoza leo ndiye bingwa wa Jumapili."

Afisa akacheka. "Mzee, huyo kaweka mafuta kidogo, gari jepesi."

Wote wakamgeukia, hata fundi wangu! Roho ikaniuma. Nikaapa dereva niliyemtabiria asiposhinda nitawalisha wote wali na samaki aina ya mbasa.

Jumapili akamaliza wa sita. Sahani ya kwanza wakampa afisa, "Ndaga fijo, mwalimu!", wakimshukuru yeye kwa wali wangu wa shilingi 187,500.