Mbawakawa wa Chemchemi Yetu

Mwezi jana nilirudi nyumbani, karibu na Rangwe, kumuuguza baba. Asubuhi moja alitamani maji ya chemchemi, si ya bomba. Nikachukua mtungi nikateremka. Nilikuta shimo kavu lililoota nyasi.

Nilipokuwa msichana wa darasa la sita, mbawakawa weusi wenye ukingo wa manjano walipiga mbizi mle. Dani, nyanya yetu mzaa baba, hakuchota kabla ya kuwaona. "Wakiwa humo, maji yananyweka," alituambia.

Mwalimu wa sayansi alitupeleka huko akatuonyesha matete ambamo majike walitaga mayai, na mabuu yao yenye taya kali yakila viluwiluwi. Alisema mdudu yule alikuwa ametoweka katika vijito vingi vya kwetu. Buu likikomaa, alieleza, hutoka majini na kujizika kwenye tope la ukingo. Humo ndimo hugeuka mbawakawa.

Mwaka ule mvua ilibomoa ukuta wa nyumba yetu. Baba akaamua kufyatua matofali, na udongo mzuri ulikuwa ukingoni pale. Nilimweleza aliyosema mwalimu. Akaegemea jembe, akanitazama.

"Na wewe utalala wapi, mama?"

Nikabeba udongo. Kila bonge lilipopasuka, ndani ya vijumba vidogo walilala mbawakawa weupe, laini, bado hawajakomaa. Niliwakusanya kiganjani nikawatia majini. Walielea tu. Dani alisimama akatutazama. Kesho yake alipita pale na mtungi wake, akaenda kuchota mtoni, mbali.

Basi asubuhi ile ya mwezi jana nilirudi na mtungi mtupu. Nilimkuta baba amelala, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa matofali yale.

"Wale wadudu wako," akasema polepole. "Nilidhani watarudi."

"Hata mimi, baba."

Nikampa maji ya bomba, akayanywa yote.

Siwezi kumlaumu. Chini ya paa lile nilisoma, nikalala pakavu, nikawa mtu. Lakini dani alishazikwa, matete hayapo, na wanangu wakiniuliza mdudu huyo alifananaje, sina pa kuwapeleka.