Kimeo cha Cadeau

Sabine alikuwa na mdomo wa kusonya. Wanawake wa soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi, walimjua kwa hilo kabla ya kuujua ushonaji wake. Ukimpelekea kitenge kilichokatwa na fundi mwingine, alikiinua kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya mfu ndani ya unga, akakuuliza, "Nani alikata hii? Mbuzi?" Kisha alikishona upya, na siku ukikivaa kilikukaa mwilini hata adui zako wakageuka kukutazama. Ndiyo maana watu walimvumilia.

Mwanawe wa kwanza, Cadeau, alianza kucheua akiwa na wiki tatu. Akinyonya, maziwa yanarudi. Yalirudi mdomoni, yalirudi puani, na siku moja yalirudi juu ya gauni la bibi harusi lililobakiza vifungo tu. Mtoto alikuwa analia huku amejipinda mgongo, halafu ananyamaza na kutafuta titi tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Mumewe, Delphin, alikuwa anabeba magunia katika ghala moja huko mjini, Kanengo, amepanga chumba mtaa wa Area 23, na nyumbani alikuja kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo Sabine aliishi na mama mkwe wake, Cécile, mwanamke wa Fizi aliyekuwa na jibu la kila kitu.

"Mama Cadeau," alisema Cécile asubuhi moja, "mutoto iko na kirimi. Kimekuwa kirefu, kinagusa ulimi, njo maana anatapika."

Kirimi ndicho kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo la kila mtu.

"Mi niliangalia na tochi, mama. Kiko kadogo tu."

"We ni daktari?"

"Na Gakiza ni daktari?"

Cécile alikwenda zake, lakini hakuwa amekubali.

Gakiza alikuwa mzee wa Kirundi aliyetengeneza baiskeli za watu wa kabaza, wale wanaobeba abiria. Alinyoosha ringi, aliziba pancha, na Jumapili alikata vimeo vya watoto kwa spoku ya gurudumu aliyoikunja ncha na kuinoa kwenye jiwe. Watu walimheshimu. Sabine alishindwa kuelewa wanaheshimu nini: mikono yenye grisi, au yale maneno ya Mungu aliyoyapaka juu ya grisi? Mwaka uliopita Gakiza alimkata mtoto wa Gentille, jirani wa Sabine pale sokoni. Mtoto akavuja damu siku mbili, siku ya tatu akazikwa. Gakiza alikwenda msibani, akala ugali wa nsima sahani mbili, akasema mtoto aliletwa akiwa amechelewa.

Jumapili iliyofuata Sabine alitoka kanisani na Cadeau mgongoni, akarudi nyumbani na kumkuta mzee huyo amekalia kiti chake, akiisuuza spoku ndani ya kikombe cha chai cha Sabine. Cécile alisimama pembeni na kitambaa cheupe.

"Karibu, binti," alisema Gakiza. "Lete mutoto. Ni kazi ya dakika moja."

Sabine hakupiga kelele. Alichukua kikombe pamoja na spoku, akatoka, akaenda moja kwa moja hadi chooni nyuma ya nyumba, na vyote viwili akavitumbukiza shimoni.

Gakiza alimfuata mbio akishika kichwa. "Binti! Ile ni kazi yangu!"

"Ifuate," alisema Sabine.

Jioni alimpigia simu Delphin. Delphin akakohoa, akasema mama anajua mambo ya batoto, labda tungojee, labda tuombe. Sabine alisikiliza hadi mwisho. Mwanamume anayebeba gunia la kilo hamsini kichwani, lakini neno moja la kumwambia mama yake linamvunja shingo!

"Kesho nakuja na mutoto," alisema, akakata simu.

Kesho yake walikuwa watatu kwenye benchi la zahanati ndogo ya Area 23. Muuguzi alikuwa msichana mwembamba, amevaa viatu vya plastiki, na Sabine alipomwona tu alimdharau. Huyu hata ziwa hajawahi kunyonywa. Msichana alimpima Cadeau uzito, akasoma kitabu chake cha afya, akauliza maswali ambayo Sabine, kwa Kichewa chake cha sokoni, aliyajibu kwa mkato. Matapishi ni ya kijani? Hapana. Yana damu? Hapana. Yanaruka mbali kwa nguvu? Hapana, yanamwagika tu. Ana homa? Hana. Anakojoa? Kama mvua.

"Na uzito unapanda vizuri," alisema muuguzi. "Mama, huyu si mgonjwa. Mlango wa juu wa tumbo lake bado ni laini, haujafunga sawasawa, kwa hiyo maziwa yanapanda. Wengi hupona wenyewe wakikua. Akimaliza kunyonya, mshike wima kifuani mpaka abeue, na uendelee kumshika hivyo kama nusu saa. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Wakati wa kulala, alale chali, bila mto."

"Basi?" Sabine alimgeukia mumewe. "Nimetoka Dzaleka kuja kufundishwa kubeba mutoto?"

Muuguzi hakukasirika. Alimwomba anyonyeshe pale pale. Sabine alinyonyesha, na alipomaliza akamfunga Cadeau mgongoni kwa kitenge, akakikaza kwa nguvu kama kila siku anaporudi kwenye cherehani na kuinama. Mara shingo yake ikapata joto. Maziwa yalikuwa yanateremka ndani ya blauzi.

"Umeona?" alisema msichana. "Umemkaza tumbo limejaa." Kisha akainama, akatazama vizuri ile blauzi. Ndani ya maziwa mlikuwa na chembe nyeupe. "Na hii ni nini? Anakula phala?"

Sabine alikuwa tayari kusonya. Lakini Delphin alikuwa anatazama sakafu.

"Mama alisema anamuongezea uji," alisema polepole. "Kijiko kimoja kimoja. Akasema nisikuambie."

"Miezi sita maziwa tu," alisema muuguzi. "Na kimeo msikiguse. Lakini akitapika kijani au damu, au akikataa kunyonya, mumlete siku hiyo hiyo."

Njia nzima ya kurudi Sabine alipanga maneno ya kumtupia Cécile. Alipofika alimkuta amekaa mlangoni, hajala.

"Mama, munamupa mutoto uji?"

Cécile hakukana. "Tulipokimbia Fizi nilikuwa na mutoto mugongoni," alisema. "Alitapika siku ine. Sikuwa na kitu cha kumurudishia. Tukamuzika njiani. Mi nikiona maziwa inatoka, siwezi kukaa tu."

Miaka mitatu ya ndoa, Sabine alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Maneno yake makali aliyameza, ingawa si yote.

"Basi musikae," alisema. "Mumushike. Wima, nusu saa, kila akinyonya. Na ule uji mutakunywa nyie wenyewe."

Ikawa hivyo. Sabine alinyonyesha, akarudi kwenye cherehani, na Cécile alizunguka uani na Cadeau kifuani akimwimbia nyimbo za kanisa. Kucheua kulipungua, hakukuisha. Kuliisha mtoto alipojua kukaa mwenyewe, mwezi wa saba, na wala hawakukumbuka ni siku gani.

Gakiza alipata spoku nyingine, maana spoku haziishi kwa mtu wa baiskeli. Alitangaza kwamba Cadeau alipona kwa sababu yeye aliingia nyumba ile akiomba kimoyomoyo. Bombani, wanawake walimweleza Cécile habari hiyo ili waone atasema nini. Cécile alitua ndoo yake chini, akasonya, msonyo mrefu ambao hata mkwewe Sabine hajawahi kuufikia.